Leningrad, Aleppo na suala la nakala ya mbegu

Wanafunzi wanaokuja kutembelea hifadhi ya mbegu ninakofanya kazi huazimwa makoti mlangoni, huingizwa kwenye chumba cha baridi chenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa humo dakika tatu au nne, kisha hutoka wakisugua viganja, na karibu kila mara yupo mmoja anayeuliza: ikitokea njaa kubwa nchini, mtatugawia hizi? Huwa ninamjibu kwa hesabu. Pakiti ya mtama yenye mbegu 3,000 haifiki gramu 100, yaani ni uji wa asubuhi moja kwa mtoto mmoja, au wawili wakivumiliana. Lakini mbegu hizo hizo zikipandwa na kupaliliwa vizuri, baada ya misimu michache zinaweza kuirudisha mashambani aina ambayo wilaya nzima iliipoteza. Mwanafunzi huridhika. Swali lililo gumu zaidi hakuna aliyewahi kuniuliza, nalo ni hili: itakuwaje siku ambayo mwenye njaa ni wewe mwenye ufunguo?

Swali hilo liliwafika watu kadhaa katika mji wa Leningrad, ambao leo unaitwa St Petersburg, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na jibu lao husimuliwa kwa kila mfanyakazi mpya anayeingia katika kazi yetu. Mimi pia nilisimuliwa katika wiki yangu ya kwanza. Ninalirudia hapa kwa jicho la mtu anayeshinda na mbegu kutwa, kwa sababu wasimulizi wengi huvikimbilia vifo na kuiruka kazi, na bila kuijua kazi huwezi kuelewa ni kwa nini vifo vile vilitokea.

Mkusanyo wenyewe ulijengwa chini ya uongozi wa Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Moscow mwaka 1887. Vavilov aliamini kwamba kila zao lina kitovu chake, mahali ambako wakulima walilianza kulima na ambako aina zake ni nyingi kuliko kwingine kote, na kwamba anayetaka ngano isiyouawa na ugonjwa wa kutu au shayiri inayostahimili ukame lazima aende huko akazitafute. Alikwenda kweli. Mwaka 1924 alikuwa Afghanistan, na mwaka 1927 alizunguka Ethiopia, nchi ambayo kwa wakati ule wengi waliiita Uhabeshi, akikusanya ngano, shayiri na tefu, nafaka ndogo ya huko, kutoka kwa wakulima wa nyanda za juu. Kufikia vita, taasisi yake iliyokuwa kwenye uwanja wa Mtakatifu Isaka katikati ya Leningrad ilikuwa na sampuli zinazokadiriwa kufika 250,000. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na mkusanyo mkubwa namna hiyo wa mazao ya chakula.

Yeye mwenyewe hakuwapo vita vilipoufikia mji. Trofim Lysenko, mtu aliyeikataa elimu ya jenetiki, yaani ya urithi wa viumbe, na aliyekuwa na sikio la Stalin, alikuwa amempiga vita kwa miaka mingi, na mwezi Agosti 1940 Vavilov alikamatwa akiwa safarini Ukraine, akikusanya mimea. Alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20, na mwezi Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, mwili umekwisha kwa utapiamlo. Watu wake wa Leningrad walilinda mkusanyo wake bila kujua kama yu hai.

Mji ulizingirwa tarehe 8 Septemba 1941, na mzingiro huo haukuondolewa hadi tarehe 27 Januari 1944. Ndani yake walikwama watu wapatao milioni mbili na nusu. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi Krismasi ya mwaka 1941, mfanyakazi wa ofisi, na hao watunza mbegu walihesabiwa kundi hilo, alipewa gramu 125 za mkate kwa siku, mkate ambao sehemu yake haikuwa unga kamwe. Umeme haukuwepo, mabomba ya maji yaliganda, na baridi mara nyingine ilishuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Hapa ndipo mtaalamu anapoanza kuona jambo ambalo msikilizaji wa kawaida halioni. Baridi ile iliyoua watu kwa maelfu haikuwa adui wa ngano, mpunga, mahindi wala karanga zilizokuwa kwenye vikopo. Mbegu iliyokaushwa vizuri hailemewi na baridi. Sisi tunalipa bili kubwa za umeme ili kuipata baridi kama hiyo. Kinachoua mbegu ya aina hii ni unyevu na joto, kwa sababu mbegu ni kiumbe hai kinachopumua polepole, na kadiri inavyopata maji na joto ndivyo inavyopumua kwa kasi na kujimaliza. Kwa hiyo kazi katika vyumba vile vya giza ilikuwa kuziba madirisha yaliyovunjwa na mabomu ili theluji isiingie, kukagua vikopo, na kupigana na panya. Panya nao walikuwa na njaa, na walijifunza kuvisukuma vikopo kutoka rafuni ili vianguke na kufunguka, ndipo watunzaji wakaanza kuvifunga kwa kamba, kadhaa kwa pamoja, viwe vizito visisukumike. Tena waliwekeana masharti: hakuna aruhusiwaye kukaa peke yake katika chumba cha mbegu. Sharti hilo ninalipenda kuliko yote. Watu hawa hawakujiona malaika. Walijua njaa ni nini, wakajiwekea kufuli juu ya kufuli.

Viazi mviringo vilikuwa na mambo yake. Kiazi hakikaushwi kama ngano. Ukikikausha kinakufa, ukikigandisha kinageuka uji mweusi, na usipokipanda kila mwaka unakipoteza. Mkusanyo wa viazi, pamoja na aina zilizoletwa kutoka Amerika ya Kusini, ulikuwa ardhini katika kituo cha Pavlovsk, kusini ya mji, na jeshi la Ujerumani lilikuwa linakaribia. Abraham Kameraz na Olga Voskresenskaya walivichimba mizinga ikilia jirani, vikasafirishwa hadi mjini na kuhifadhiwa kwenye chumba cha chini ya jengo. Kisha majira ya baridi yakafika, na sasa ilibidi chumba kile kisigande katika mji ambao wenyeji wake walikuwa wanachoma samani zao wapate kuota moto. Vadim Lekhnovich ndiye aliyekuwa na mzigo huo. Alilitunza jiko lake dogo kwa kuni za kuokoteza, kwa mbao za masanduku, kwa karatasi, na kwa chochote kilichokubali kuwaka, huku akilinda kiazi kisiibwe na kisiliwe, hata naye mwenyewe.

Miaka mingi baadaye Lekhnovich alieleza kwamba kutembea kulikuwa kugumu, kuamka asubuhi na kuinua mkono kulikuwa kugumu, ila kujizuia kuila mbegu hakukuwa kugumu hata kidogo, kwa sababu kuila kungekuwa kuila kazi ya maisha yake na ya wenzake. Ninamheshimu, lakini kauli hiyo siwezi kuimeza nzima nzima. Nadhani mtu aliyepona ana haki ya kukumbuka hivyo, na nadhani pia kwamba sharti lile la kutokaa peke yake chumbani liliwekwa na watu waliojua kuwa ni kugumu.

Waliokufa hawakuwa wachache. Alexander Shchukin, mtaalamu wa karanga, alikufa mezani kwake akiwa kazini. Dmitri Ivanov, aliyehusika na mpunga, alikufa kwa njaa huku maelfu ya pakiti za mpunga yakiwa salama katika ulinzi wake. Liliya Rodina alikuwa mtaalamu wa oti, ile nafaka jirani ya shayiri, naye alikwenda vivyo hivyo. Orodha zinatofautiana, kutoka watu tisa na kupanda juu ya 20, kutegemea kama unawahesabu waliokufa ndani ya jengo tu au pia waliofia majumbani na njiani.

Kuna watu ambao hadithi hii huwakera, na sipendi kuwapuuza. Husema: watu walikuwa wanakufa barabarani, na ninyi mnawasifu waliofungia chakula? Tufanye hesabu ileile ya mwanafunzi. Tuchukulie kwamba mbegu zote zinazolika zilikuwa tani 10, kisha tuzigawe kwa watu milioni mbili na nusu: kila mmoja anapata gramu 4, kijiko kimoja cha chai, kwa siku moja. Mji usingeokolewa na chochote. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wasifiaji huuruka, kwa sababu tani hizo hizo kwa watu wachache waliokuwa ndani ya jengo zingekuwa uhai hadi masika, na zingebaki. Kwa hiyo hawakuwa wakichagua kati ya mbegu na mji. Walichagua kati ya mbegu na nafsi zao, wakiwa na mtu wa pili chumbani anayewatazama, naye ana njaa ileile.

Ninapofika hapa wenzangu wengi husimama na kuinamisha vichwa. Mimi huuliza swali la kiofisi, ambalo linaweza kuonekana kama utovu wa adabu mbele ya marehemu: kwa nini Ivanov alilazimika kufa? Jibu la kiufundi ni kwamba kwa sehemu kubwa ya sampuli zile hapakuwa na nakala. Pakiti iliyokuwa mbele yake ndiyo ilikuwa pakiti pekee, na aina nyingine zilishatoweka katika mashamba zilikotolewa. Watumishi wa taasisi walilijua hilo, wakatayarisha mafungu ya nakala katikati ya mzingiro, na sehemu ya mkusanyo ikavushwa kwenye barafu ya Ziwa Ladoga na kupelekwa upande wa milima ya Ural. Hiyo ndiyo kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote walizozifanya, nayo haitajwi sana, labda kwa sababu kupanga bahasha na kuandika namba hakutoi machozi.

Na nakala nyingine zilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Mwaka 1943 kikosi cha SS, askari wa chama cha Nazi cha Ujerumani, kikiongozwa na mtaalamu wa mimea aitwaye Heinz Brücher kilipita katika vituo vya Kisovyeti huko Ukraine na Krimea kikakusanya sampuli na kuzipeleka katika kasri la Lannach, karibu na Graz nchini Austria. Vita vilipoelekea kwisha Brücher aliamriwa aziharibu, naye akakaidi. Wizi ulibaki wizi. Ila mbegu haiulizi nani anayeishika.

Tuje karibu na siku zetu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, kinachojulikana kama ICARDA, kilikuwa Tel Hadya, kusini mwa Aleppo nchini Syria, kikiwa na sampuli kama 150,000 za ngano, shayiri, kamande, dengu na mazao ya jamii hiyo. Kuanzia mwaka 2008, kabla ya risasi ya kwanza kulia, watumishi wake walianza kupeleka nakala kwenye hifadhi ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo mbali kaskazini, ambako mbegu hutunzwa ndani ya mlima. Hifadhi hiyo ilifunguliwa tarehe 26 Februari 2008, na aliyeshirikiana na waziri mkuu wa Norway kuingiza sanduku la kwanza alikuwa Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Utaratibu wake ni wa kiungwana: anayeweka sanduku ndiye pekee anayeruhusiwa kulifungua.

Vita vilipoifikia Aleppo, zaidi ya asilimia 80 ya mkusanyo ilikuwa tayari ina nakala huko. Watumishi waliobaki waliendelea kwa muda kuviendesha vyumba vya baridi katika eneo lililobadilishana mikono ya wenye silaha, na hilo lilihitaji moyo. Lakini siku ya kuondoka ilipofika waliweza kuondoka. Mwezi Septemba 2015 ICARDA ikawa ya kwanza kuomba masanduku yake Svalbard: sampuli zaidi ya 38,000, zilizopelekwa Terbol katika bonde la Bekaa nchini Lebanon na nchini Morocco. Hazikuwekwa rafuni moja kwa moja. Pakiti ya Svalbard huwa na mbegu kama 500, na mbegu 500 hazimtoshi mtafiti wala mkulima, hivyo zilipandwa, zikapaliliwa, zikavunwa na kukaushwa, na kuanzia mwaka 2017 nakala mpya zikaanza kurudishwa kule mlimani. Ukiuliza tofauti kati ya Leningrad na Aleppo, watu watakuambia habari za nyakati, siasa na majeshi. Mimi nitakuonyesha masanduku yaliyopakiwa mwaka 2008, wakati hakuna aliyekuwa na haraka.

Katika ukanda wetu mfano ninaoufikiria zaidi ni Rwanda. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalianza mwezi Aprili maharage yakiwa shambani, na wataalamu wa nje waliogopa kwamba aina za maharage za nchi hiyo, zilizo nyingi kupindukia, zingepotea. Kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, CIAT, kilichoko Colombia, kilikuwa na sampuli za Rwanda, na kwa kushirikiana na nchi jirani ukaanzishwa mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, wa kuzizidisha na kuzirudisha. Ulikuwa mpango mzuri. Hata hivyo uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba maharage yalikuwa yamestahimili kuliko ilivyodhaniwa. Wakulima wa Rwanda hupanda mchanganyiko wa aina nyingi katika shamba moja, hupeana na jirani, hununua sokoni, kwa hiyo nakala zilikuwa zimesambaa vilimani pasipo orodha yoyote. Viazi viliumia zaidi, na kwa sababu ileile iliyomtesa Lekhnovich.

Hilo la nakala bila orodha nililishuhudia mwenyewe. Nilikuwa katika safari ya kukusanya ulezi, na bibi mmoja alinipandisha kwenye ngazi yake ya mti hadi darini, juu ya jiko, ambako masuke yalikuwa yamening'inia yakiwa meusi kwa moshi. Moshi huo ni dawa. Hukausha na kufukuza bungua. Alikata nusu ya masuke akanipa, nusu akayaacha. Nilimuuliza kama yale yaliyobaki ndiyo pekee aliyonayo. Akasema hapana, mengine yako kwa bintiye aliyeolewa ng'ambo ya mto. Nilipotaka kujua sababu, alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hulala usiku.

"Nyumba huungua, mjukuu wangu."

Nasi wa vyumba vya baridi tunaungua, hata pasipo vita. Wahenga walisema akiba haiozi. Sidhani kama waliwahi kushika jenereta. Katika kituo kimoja nilichowahi kutumwa kusaidia, umeme ulikatika Ijumaa jioni ya mapumziko marefu ya sikukuu, jenereta ikagoma, na mlango ulipofunguliwa Jumanne asubuhi sakafu ilikuwa imelowa. Mbegu zilizokuwa kwenye pakiti za alumini zilizozibwa kwa joto hazikudhurika. Za kunde zilizokuwa bado kwenye bahasha za karatasi zikisubiri zamu yao zilikuwa zimekunywa unyevu, na tulipozipima uotaji miezi iliyofuata tulikuta nyingine zimeanguka hadi chini ya nusu. Kwa baadhi yake tulikuwa na nakala mahali pengine, kwa baadhi hatukuwa nayo.

Ndiyo maana habari za Sudan nilizifuata kwa karibu. Hifadhi ya taifa ya mbegu ya nchi hiyo ilikuwa Wad Madani, mji uliotekwa mwezi Desemba 2023, na hifadhi ikaporwa. Mwezi Februari 2025 masanduku kutoka Sudan yalifika Svalbard, na ndani yake mlikuwa na mtama, zao ambalo asili yake ni upande huo wa Afrika. Wataalamu waliotenganisha, kukausha na kufungasha mbegu hizo walifanya hivyo nchi yao ikiwa vitani, na masanduku yalipovuka mpaka, mtama ule ukawa hauhitaji tena mtu wa kuufia.

Wiki hii nasi tunafungasha. Meza ya maabara imejaa visahani vyenye karatasi yenye unyevu, mbegu 100 kwa kila kipimo, na kila asubuhi ninahesabu zilizotoa mzizi. Ulezi wa yule bibi, ambao tuliusajili miaka sita iliyopita, umetoa 71. Kiwango chetu cha kupeleka nakala ni 85, kwa hiyo haupakiwi. Utapandwa kwanza mvua zikianza, mistari minne karibu na bomba, nami nimeshaandika namba yake kwenye kibao.